Siku Waliyofagia Kisiwa

Mtu akinitajia neno usafi siku hizi, naondoka nilipokaa. Si kwamba mimi mchafu. Ua wangu naufagia kabla jua halijatoka, na sufuria zangu ukitaka utajitazama uso. Lakini tangu kusi iliyopita, nikisikia mwanamume kasimama na kipaza sauti anasema "tuweke mazingira yetu safi," damu hunichemka, na dada yangu hunibana mkono chini ya buibui nisije nikafungua mdomo mbele za watu.

Basi nitaufungua hapa. Hapa hakuna wa kunibana.

Mbele ya ufuo wetu, baina ya Watamu na Malindi, pana kijisiwa. Ni jabali tu la matumbawe, limeliwa na maji chini, juu limeota majani manene ya chumvi na vichaka vya kufika magotini. Hakuna mtu aliyepata kukaa pale. Hakuna kisima, hakuna mti wa kukupa kivuli. Siku za bamvua, bahari ikipwa na kuvuta mbali, unavuka kwa miguu na maji hayapiti paja. Maji yakijaa, njia imekatika, umebaki au umerudi.

Mimi kazi yangu ni pweza. Tangu msichana nachokoa pweza kwenye miamba ile kwa kijiti, na kisiwa kile nakijua kama ninavyokijua chumba changu. Na membe nawajua. Hawa ni ndege wa baharini, weupe, wembamba, wenye mkia uliogawanyika kama mkasi. Mwaka mzima huwaoni, kisha kusi ikianza kuvuma wanakuja kundi zima kutaga. Na kiota hawajengi! Anaparuza chini kidogo, chini ya jani, anaweka yai moja au mawili pale pale kwenye mawe. Yai lenyewe lina rangi ya mawe na madoadoa, hata unaweza kulikanyaga huku unalitazama. Ukisogea tu wanakushukia kichwani kwa makelele, wanakudonoa, wanakunyea mtandio. Nimenyewa mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema, na nawapenda. Sina sababu ya kutoa. Nawapenda tu, kama mtu anavyopenda majirani wagomvi.

Sasa, kwa miaka kadhaa walikuwa wanakuja, wanataga, wanaondoka bila ya kinda hata mmoja kuruka. Na sababu nilikuwa naijua kwa sura. Ni mtu mmoja, kijana wa makamo mwenye mke na watoto, aliyeteremka kutoka upande wa Ganze ukame ulipomkausha, akajenga kibanda nyuma ya minazi yetu. Alikuwa akiokota mayai. Tena alikuwa na utaratibu wake, na utaratibu huo ndio ulionifanya nimchukie. Siku ya kwanza anapanda kisiwani, anapita anavunja kila yai analoliona. Yote. Kwa sababu hajui lipi la leo na lipi lina kinda ndani. Kisha anawaacha siku kadhaa, ndege wanataga upya, naye anarudi kuokota, kwa yakini kwamba yote ni mabichi. Akili hiyo! Mtu wa bara, hajui hata kuogelea, lakini kila paruzo la membe alilijua lilipo, akiwa amefumba macho.

Nilimtukana miaka miwili. Sikuacha tusi. Yeye kila akiniona, "Shikamoo mama," kwa adabu zote, na kikapu kichwani. Nami naitikia marahaba, kwa kuwa shikamoo haikataliwi, halafu naendelea kutukana.

Siku moja nikachoka, nikaenda kwake. Nikamkuta mkewe anachemsha yale mayai, watoto wamekaa wamezunguka sufuria kimya, jinsi wanavyokaa watoto wenye njaa. Matusi yangu yote yakaniishia. Nikakaa kitako mlangoni, nikamwambia yule bwana, "Sikiliza. Niachie kusi moja. Moja tu. Usivunje, usiokote, usipande. Pweza wangu nitagawana na nyumba yako msimu mzima. Makinda wakiruka, ukawaona kwa macho yako, tutakaa tuzungumze habari ya miaka mingine. Wasiporuka, nenda kaokote, wala sitakusemesha tena."

Akamtazama mkewe. Mkewe akasema, "Pweza wa kila siku?"

"Wa kila siku ninaopata."

"Haya mama," akasema yule bwana. "Kusi moja. Mulungu anasikia."

Na neno lake alilitunza, nishuhudie mbele ya Mungu. Membe walipokuja mwaka huo hakutia mguu. Mimi ndiye niliyekuwa nikipanda pembeni, kwa hadhari, kuchungulia. Mayai tele! Kila jani lina yai chini yake. Nikihesabu siku kwa vidole, nikajua baada ya bamvua inayofuata yataanza kuanguliwa. Nilikuwa na furaha ya mtu mjinga. Na furaha ya mjinga haikai ndani. Nikaenda kumwambia shemeji yangu.

Shemeji yangu ni mume wa dada yangu, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya ufuo. Si mtu mbaya. Nasema hivi mapema kwa sababu nitakayoyasema baadaye hayatafanana na neno hili. Ni mtu wa watu, mcheshi, mfugaji wa kuku, hodari wa kuandika barua. Nilipomwambia kisiwa kimejaa mayai, akapiga makofi. "Shemeji, hii ni neema! Hii tusikae nayo wenyewe!" Akaandika barua. Barua ikafika ilikofika, jibu likarudi kwamba kuna mheshimiwa atakuja kuona ndege wetu na kutuzindulia hifadhi yetu. Kijiji kizima kikafurahi, na mimi miongoni mwao, tena mstari wa mbele.

Siku nne kabla ya mgeni kuja, kamati ikaitisha kazi ya kujitolea. Usafi. Shemeji akaniomba nipike, kwa kuwa pilau yangu inajulikana. Nikapika. Nikakaa jikoni tangu alfajiri na macho yanatiririka machozi ya vitunguu, nikajaza sufuria mbili kubwa na ndoo ya kachumbari, wakaja vijana wakabeba. Sikuuliza wanasafisha wapi. Niulize ya nini? Mgeni anakuja ufuoni, si watasafisha ufuo? Nikajilaza na mgongo wangu, nikalala usingizi wa haki.

Asubuhi ya pili yake maji yalipopwa nikachukua kijiti na kikapu nikashuka mwambani. Nikiwa bado mbali nikaona kisiwa kimekuwa na rangi nyingine. Kilikuwa cha kijani kibichi, sasa ni cheupe na cha kijivu. Nikasema labda ni jua. Nikasogea. Membe walikuwa juu, kundi zima, wanazunguka, wanalia, lakini hakuna aliyenishukia. Hapo nikaongeza mwendo.

Nikapanda. Vichaka vyote vimefyekwa. Majani yote yameng'olewa, yamerundikwa upande mmoja yakachomwa. Jabali limefagiwa, kweli limefagiwa, alama za ufagio unaziona kwenye mchanga. Mawe yamepakwa chokaa na kupangwa safu mbili kufanya njia ya mgeni kupita, na njia ile imepita katikati kabisa ya mahali membe wanapotaga. Na yai sioni. Hata moja.

La kwanza nililofanya, Mungu anisamehe, nilimlaani yule bwana wa Ganze. Nikasema amenilaghai, amekula pweza wangu na mayai pia. Nikamlaani kwa sauti, juu ya jabali, peke yangu.

Kisha nikafika mwisho wa ile njia, nikaona kibanda kidogo cha makuti, kipya, kizuri. Ndani yake ungo. Juu ya ungo wametandika mchanga laini, na juu ya mchanga wameyapanga mayai yote ya kisiwa, safu kwa safu. Wameyafuta vumbi. Wamezungushia maua ya asumini pembeni.

Toba! Nilipiga magoti pale. Pembeni ya kibanda kulikuwa na masalio ya pilau yangu, yamemwagwa juu ya mawe, na kunguru, wale kunguru weusi wa mjini ambao katika maisha yangu sikuwahi kuwaona kisiwani, walikuwa wanadonoa wali kwa raha zao. Pilau yangu mimi ndiyo iliyowavusha. Walipomaliza wali, mmoja akaruka akaenda kusimama ukingoni mwa ungo. Nikamtupia kijiti. Nikamkosa.

Sikuwa na mtu mwingine wa kumkimbilia. Aliyekuwa akijua kila yai lilipotoka alikuwa mmoja tu. Nikafunika ungo kwa mtandio wangu, nikaurudia ufuo mbio, mwanamke mzima kichwa wazi, hadi nyuma ya minazi. "Njoo," nikamwambia. "Usiniulize. Maji yatajaa."

Alipoona ule ungo alichuchumaa mbele yake. Sikumwambia kwamba nilimlaani, na hata leo sijamwambia. Akachukua yai moja, akaliweka sikioni. Akaliteremsha kwenye kidimbwi cha maji kati ya mawe. Yai bichi huzama likalala. Hili lilielea, kichwa juu. "Lina kinda hili," akasema. "Kubwa. Lilikuwa karibu." Akaliweka tena sikioni. "Lakini hasemi kitu."

Tukaanza kuyarudisha. Nimeishi miaka yote hii sijaona kitu kama kile. Mtu yule anatembea juu ya jabali lililonyolewa, hakuna jani, hakuna alama, naye anasema, "Hapa palikuwa na kichaka cha miba, chini yake mawili. Hapa moja. Hapa, mama, huyu hutaga ukingoni kabisa, mkaidi huyu." Anaparuza mchanga kwa kidole, anaweka. Mimi nafuata na ungo. Jua lilikuwa limepanda, jabali linachoma nyayo, na yale mayai hayana kivuli cha kusingizia. Tukavunja makuti ya kile kibanda chao, tukaweka kipande juu ya kila yai. Juu yetu membe wanalia. Wachache walitua. Mmoja akaja hadi kwenye paruzo lake, akatazama yai, akatazama kipande cha kuti, akaruka. Sijui ndege wanafikiri nini, lakini nilimwelewa.

Maji yalianza kurudi. Tulibakiza safu moja kwenye ungo, hatukuwahi. Tulipokuwa katikati ya maji, na mawimbi ya kusi yanatupiga kiunoni, yule bwana asiyejua kuogelea amenishika bega, nikageuka nyuma. Kunguru walikuwa wanatembea kwenye ile njia ya chokaa, mmoja nyuma ya mwingine, wanafunua makuti yetu kwa midomo.

Sikubadilisha hata nguo. Nilikwenda kwa shemeji vile vile, natiririka maji, nikamkuta barazani na kikombe cha kahawa.

"Shemeji!" akasema, uso unang'aa. "Umekwenda kupaona? Palivyopendeza?"

"Nani aliyesema mguse mayai?"

"Ah, usiwe na wasiwasi. Hatukuvunja hata moja. Niliwasimamia mwenyewe. Nikawaambia, mtu akivunja yai atalipa. Tuliyaokota kwa mikono miwili kama vikombe vya wageni."

"Nani aliyesema myaguse?"

Akaona sasa kwamba sitanii. Akaweka kikombe chini. "Shemeji, mgeni mkubwa anakuja. Tumpitishe kwenye magugu? Achomwe na miba? Mayai yametapakaa huku na huku, atakanyaga, itakuwa aibu. Tumeyakusanya mahali pamoja, penye kivuli, ndege watakuja waatamie kwa starehe. Mimi nina kuku mwaka wa ngapi huu? Nimewawekea mayai ya bata, ya kanga, wameatamia na wamelea. Ndege ni ndege."

Alikuwa anasema kweli! Hilo ndilo lililonivunja nguvu. Angekuwa mwizi ningemwita mwizi. Kuku wake namjua, aliwaatamia bata, akawatembeza uani na kuwagombeza kila walipoingia kwenye beseni. Sisi sote hapa tumekua tukiona hivyo, yai ni yai, mwekee mama yeyote. Hakuna hata mmoja kati ya wale watu wazima waliobeba fagio aliyefikiri kwamba kuna ndege asiyetaka ila yai lake na mahali pake.

"Kuku wako unamfunga kambani," nikamwambia. "Unamlisha mtama mkononi. Huyu ametoka ng'ambo ya bahari kutafuta mahali pamoja duniani ambapo hapajafagiwa!"

"Hasira hasara, shemeji."

"Hasara mmeshaitia nyinyi. Mimi niachieni hasira yangu."

Dada yangu akatoka ndani na khanga ya kunifunika. Nikamwambia na yeye yake. Siyaandiki hapa, kwa kuwa tumepatana.

Nilimtaka shemeji jambo moja tu, kwamba amwambie mgeni asije, au akija asipande. Akaniambia haiwezekani, hema limeshakodiwa na watoto wa madrasa wamefundishwa kaswida. Kesho yake na siku iliyofuata nilivuka tena na yule bwana. Mara ya kwanza tulikuta maganda. Mara ya pili hata maganda yalikuwa yamepeperushwa na upepo, na anga ilikuwa tupu. Hukusikia sauti. Unajua jinsi kisiwa kile kilivyokuwa na kelele? Ilikuwa huwezi kumsikia mwenzako akikuita. Siku ile nilisikia maji yanaingia na kutoka chini ya jabali, na yule bwana anapumua.

Mgeni akaja. Hema, viti vya plastiki, zulia juu ya mchanga. Kisiwani hakupanda kwa sababu alivaa viatu vya ngozi, na bahari ya kusi si ya mchezo. Walifyeka, wakafagia, wakapaka chokaa, kwa mtu ambaye hakufika! Alisimama ufuoni, akaweka mkono juu ya macho, akatazama. "Ndege wako wapi?" akauliza.

Shemeji akasema, "Wamekwenda kutafuta riziki, mheshimiwa. Jioni hurudi."

Watu wakapiga makofi. Wallahi wakapiga makofi. Nikasimama nilipokuwa, upande wa wanawake, nikasema kwa sauti yangu ya kuitia watu kutoka mwambani, "Muongo! Hawarudi! Mmewafukuza nyinyi!" Dada yangu akanivuta buibui. Mgeni akageuka, akatabasamu, akasema akina mama wa pwani wana uchungu na mazingira yao, nalo ni jambo la kupongezwa. Nikapigiwa makofi na mimi. Sijapata kufedheheshwa vile, kupigiwa makofi nikiwa natukana.

Kisha ikaja kazi iliyomleta. Mwanzoni mwa njia ya kuvukia, pale tunapokunjia nguo kabla ya kuingia majini, walikuwa wamechimbia kibao na kukifunika kitambaa. Mgeni akavuta kitambaa. Herufi kubwa, nyekundu: HIFADHI YA NDEGE. NI MARUFUKU KUOKOTA MAYAI. ATAKAYEPATIKANA ATASHTAKIWA.

Yule bwana wa Ganze alikuwa amesimama nyuma kabisa, nje ya hema, na mtoto wake mdogo mabegani. Watu walipotawanyika kwenda kwenye soda akasogea karibu na kibao. Akakisoma polepole, midomo inatembea. Nikaenda nikasimama naye.

"Mama," akasema, "hiki wameniandikia mimi?"

Nilitaka kumwambia hapana. Nikatazama nyuma, kule hemani, wale wote walioshika fagio na panga na ndoo za chokaa, wanapeana mikono na mgeni.

"Ndiyo, mwanangu," nikamwambia. "Wewe."

Akatikisa kichwa, taratibu, si kwa hasira. Hasira yote ilikuwa kwangu. Akamteremsha mtoto, akampangusa mchanga miguuni. "Sawa," akasema. "Basi mwaka ujao wakija nitakwenda kuokota. Nisikufiche, mama. Kama ni kushtakiwa nishtakiwe nimeshiba."

Nikageukia baharini. Kisiwani chokaa ilikuwa inang'aa juani, na juu yake hakukuwa na kitu kinachoruka.

"Omba kwanza waje," nikamwambia.